Bwawa la mchanga huanza kabla saruji haijafika

Mito mingi ya Ukambani, mashariki mwa Kenya, haina maji ya kuonekana kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mvua ya Machakos, Makueni na Kitui huja mara mbili, ya Machi hadi Mei na ya Oktoba hadi Desemba, na wakulima wa huko huitegemea zaidi hiyo ya pili. Ikinyesha vilimani, mto hujaa kwa saa chache, maji ya rangi ya udongo hupita kwa kishindo, na kesho yake asubuhi kinachobaki ni mchanga mtupu. Chini ya mchanga huo ndiko kina mama huchimba visima vya mkono, na kadiri kiangazi kinavyosonga ndivyo shimo linavyozidi kwenda chini na foleni kuzidi kurefuka. Ikifika Septemba, kujaza mitungi minne ya punda kunaweza kula asubuhi nzima: kutembea, kungoja maji yajikusanye shimoni, kuteka kwa kikombe, kurudi.

Bwawa la mchanga ni ukuta wa mawe na saruji unaokatiza mto wa aina hiyo. Mafuriko yakija, maji hupunguza kasi nyuma ya ukuta, mchanga mzito hutua, matope mepesi hupita juu na kuendelea na safari. Baada ya msimu mmoja hadi mitatu, nyuma ya ukuta kunakuwa kumejaa mchanga, na mchanga huo umejaa maji. Sehemu kubwa mno ya maji ya mto hupita na kwenda kwa majirani wa chini. Ukuta huzuia asilimia chache tu.

Kuta hizi zilijengwa Ukambani tangu miaka ya 1950, lakini zilienea hasa pale vikundi vya vijiji vilipozichukua kuwa kazi yao. Kikundi cha Utooni kilianza Machakos mwaka 1978, na kule Kitui shirika la SASOL lilisaidia wanavijiji kujenga mamia ya mabwawa kuanzia miaka ya 1990. Nyuma ya kazi hiyo yote kuna mwethya, ule utaratibu wa Wakamba wa kukusanyika na kulimiana, uliokuwepo kabla ya mfadhili yeyote. Msimamo wa makala hii ni kwamba uhai wa bwawa huamuliwa na mambo mawili yanayofanywa kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujashushwa: kuchagua mahali, na kukubaliana. Ukuta wenyewe fundi mzuri ataujenga.

Tuanze na mchanga, maana ndio tangi lenyewe. Mchanga wa chembe kubwa ukijazwa maji mpaka ukatosheka, asilimia 45 hivi ya ujazo wake ni maji, na asilimia 35 hivi yatatoka ukiyavuta. Mchanga mwembamba hushika asilimia 40 lakini hutoa 19. Matope ndiyo yanayodanganya watu: hushika asilimia 38, karibu sawa na wenzake, kisha hutoa asilimia 5 tu. Bwawa lililojaa matope ni bwawa lililojaa maji ambayo hayatakuja kunywewa na mtu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya saruji, chukua ndoo ya lita 20, itoboe tundu dogo chini na uizibe kwa kijiti kilichofungwa kitambaa, ijaze mchanga mkavu wa mto huo, kisha mimina maji uliyoyapima mpaka juu ya mchanga kung'ae. Zibua tundu na ukinge maji kwa saa moja. Ukipata lita 5 hadi 7, mto ni mzuri. Ukipata chini ya lita 3, tafuta mto mwingine au panda juu zaidi, karibu na miamba inayozaa mchanga mnene. Ukambani imebahatika kwa hilo, kwa kuwa miamba yake mingi ya kale humeguka na kuwa mchanga wa chembe kubwa.

Faida ya pili ya mchanga ni kivuli. Katika nchi kavu, bwawa la wazi hupoteza kina cha karibu mita 2 kwa mwaka kwa jua peke yake. Ndani ya mchanga, maji yakishashuka sentimita 60 chini ya uso jua huyapata kwa shida, na kwenye mita 1 ni kama haliyafikii kabisa. Mbu hawazaliani humo, wala konokono wa kichocho.

Mahali pa ukuta hutafutwa kwa chuma. Chukua nondo ya milimita 16, urefu wa mita 3 au zaidi, ichongwe ncha, na kila sentimita 25 ikatwe jino dogo. Ipigie kwa nyundo nzito ndani ya mchanga wakati wa kiangazi, kila mita 20 ukifuata mto. Ikigonga mwamba, hulia na kuruka mkononi. Ikiingia kwenye udongo wa mfinyanzi, sauti hufifia na chuma hunasa. Ukiichomoa, yale meno huja na sampuli: utaona mchanga wa kila kina, na utaona umbichi unaanzia wapi. Andika vyote. Unachotafuta ni sehemu mbili zilizofuatana: shimo refu la mchanga, kisha chini yake, upande maji yanakoelekea, kizingiti cha mwamba kilicho karibu na uso. Ukuta ukae juu ya kizingiti. Ukishakipata, pima tena pale, safari hii ukikatiza mto kutoka ukingo hadi ukingo, kila mita 2, ili ujue mwamba ni mmoja au ni mawe makubwa yaliyoviringishwa na mafuriko. Mawe hayo yamewaponza wengi. Chuma kinalia vilevile, ukuta unajengwa, na mvua ya kwanza inapita chini yake.

Lakini kabla ya chuma, waulizwe wanaoteka maji. Kila kijiji kina shimo lake ambalo hukauka mwisho, na wanaolijua ni wanawake na watoto wanaolichimba kila mwaka. Watakuonyesha pia pale ambapo maji yana chumvi: mara nyingi ni karibu na miamba yenye ukungu mweupe ambayo ng'ombe hupenda kuiramba. Hapo usijenge hata kama kizingiti ni kizuri, kwa sababu chumvi itayeyuka humo miaka yote. Mkuyu mkubwa wenye majani mabichi mwezi wa Septemba nao ni shahidi wa kuaminika. Mhandisi aliyekuja kwa siku mbili hawezi kuyajua haya, na mradi unaoanza kwa kikao cha wazee wa kiume peke yao chini ya mti hauwezi kuyapata.

Sasa makubaliano. Mto una kingo mbili, na kingo zina wenyewe. Bwawa likikamilika, shamba la ukingoni hupanda thamani: migomba inastawi, sukumawiki inalimwa kiangazi. Mwenye shamba aliyekubali kwa mdomo wakati mto ulikuwa mkavu anaweza kubadilika maji yakionekana, akaziba njia au akaweka pampu ya petroli. Kwa hiyo yaandikwe mapema, mbele ya chifu au msaidizi wake na wazee wa kijiji, na wenye mashamba wa pande zote mbili watie sahihi, wake zao wakiwepo: njia itapita wapi, na upana wake uwatoshe punda wawili waliobeba mitungi kupishana, mifugo itanywea wapi, ambako lazima kuwe chini ya ukuta, mbali na kisima, nani ataruhusiwa kumwagilia, na kwa chombo gani. Kikundi kisajiliwe katika ofisi ya maendeleo ya jamii, kiwe na akaunti, na kibali kiombwe kutoka Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Hizo karatasi huchukua muda, kwa hiyo zianze kabla ya mvua ya Machi ikiwa ujenzi ni wa Agosti.

Kuhusu kumwagilia, hesabu ifanywe hadharani, kwa namba. Ukadiriaji wa ujazo ni rahisi: zidisha upana wa mto kwa kina cha mchanga kwenye ukuta, zidisha kwa urefu ambao mchanga utarudi nyuma, kisha gawanya kwa 6. Mto wa upana wa mita 20, kina cha mita 2, mchanga ukirudi nyuma mita 300: ni mita za ujazo 2,000. Chukua asilimia 30 kuwa maji, unapata mita za ujazo 600, yaani lita 600,000, yaani mitungi 30,000 ya lita 20. Kaya 100 zikiteka mitungi 5 kila moja kwa siku, ni siku 60. Kiangazi cha Juni hadi Septemba ni kirefu kuliko hapo. Kinachookoa ni kingo: udongo wa pande zote mbili hunywa maji wakati wa mvua na kuyarudisha polepole mchanga unapopungua. Hata hivyo watu wakishaiona hiyo hesabu ubaoni, mjadala wa pampu za petroli hubadilika. Vikundi vingi huishia kuruhusu bustani ndogo za ndoo na vitalu vya miche, na kuzuia mashine. Ni uamuzi wa busara kwa bwawa la kwanza.

Mchango wa kila kaya nao uwe wa kuhesabika. Mawe, mchanga wa kujengea, maji na nguvu za mikono hutoka kijijini. Saruji, nondo na ujira wa fundi vinaweza kutoka nje. Mpaka huo una maana kubwa. Mfadhili akileta mawe kwa lori, kazi inakwenda haraka na kikundi kinasambaa, na mwaka wa tatu ukingo ukibomoka hakuna wa kumwita. Wanachama wengi wa vikundi hivi ni wanawake, wenye kazi nyingine tele, kwa hiyo siku mbili za mwethya kwa wiki zinatosha, kuanzia asubuhi mapema hadi saa tano, daftari likiwekwa na asiyefika akituma mtu wa kumwakilisha. Wajane na wazee wapangiwe kazi wanayoiweza, kama kupika uji na kuchunga watoto, ihesabiwe sawa na kubeba mawe.

Kiasi cha vifaa kikadiriwe hivi. Upana wa ukuta chini uwe robo tatu ya kimo chake, na juu uwe moja ya tano. Ukuta wa mita 2 basi una mita 1.5 chini na sentimita 40 juu. Kwa urefu wa mita 20 hiyo ni mita za ujazo 38 za mawe na udongo wa saruji. Theluthi moja na kitu ni udongo wa saruji, na ukichanganywa saruji moja kwa mchanga nne, ukuta peke yake unakula karibu mifuko 100 ya kilo 50. Ongeza msingi, mbawa, plasta na sakafu ya chini, na usianze ukiwa na chini ya mifuko 150. Maji ya kuchanganyia ni lita 30 hivi kwa mfuko, kwa hiyo lita 4,500, mitungi 225, mwezi ambao maji ni haba kuliko yote. Bado hayo ya kumwagilia ukuta ukomae. Punda mmoja hubeba mitungi 4, na ratiba ya punda ndiyo ratiba ya ujenzi.

Msingi uchimbwe mpaka mwamba. Uso wa mwamba ukwanguliwe, usuguliwe kwa brashi ya waya, uoshwe, upakwe uji wa saruji tupu, na mawe ya kwanza yalazwe uji huo ukiwa mbichi. Nondo za milimita 12 zisimikwe kwenye matundu yaliyotobolewa mwambani. Kama hakuna mwamba na unajenga juu ya udongo mgumu wa mfinyanzi, ingia ndani yake mita 1 nzima. Mawe yalowe kabla ya kujengwa, la sivyo yatanyonya maji ya saruji na kuiacha kavu. Kila jiwe lizungukwe na udongo wa saruji pande zote, jiwe lisigusane na jiwe. Fundi aliyezoea nyumba hupanga mawe makubwa kwa uzuri wa nje na kumwaga vifusi katikati. Ukuta wa nyumba husamehe jambo hilo, wa mto hausamehi. Kila sentimita 30 za kimo ilazwe seng'enge kutoka mwisho hadi mwisho.

Kipimo cha mchanganyiko kiwe sanduku au wilibaro iliyosawazishwa, kamwe kisiwe koleo, kwa kuwa koleo la saa mbili asubuhi si sawa na koleo la saa tano. Mchanga nao upimwe: tia kwenye chupa ya kioo, ongeza maji, tikisa, acha utulie. Tabaka la udongo juu likizidi sehemu moja kwa kumi na tano ya mchanga, uoshwe au uletwe mwingine. Ukuta ukikamilika ufunikwe kwa magunia na kulowa kwa siku 21. Hapa ndipo vikundi huchoka. Kazi ya mawe imeisha, sherehe imefanywa, na maji yenyewe yanatakiwa nyumbani. Ukuta uliokauka haraka hupata nyufa nyembamba kama unywele, na maji ya mafuriko hayahitaji zaidi ya hapo. Zamu za kumwagilia zipangwe kabla ya sherehe.

Mbawa ndizo zinazobanwa matumizi kuliko kitu kingine, na ndizo zinazoua mabwawa mengi. Mbawa ni sehemu za ukuta zinazoingia ndani ya kingo. Ukingo wa mwamba hauhitaji; ukingo wa udongo mgumu unahitaji mita 5; ukingo laini wa mchanga au udongo mwepesi, mita 7 kila upande. Mto ukijaa hutafuta pa kuzunguka, na ukiukuta ukingo laini uliofupishiwa ubawa utaula usiku mmoja, na asubuhi ukuta wako unasimama mzima katikati, huku mto umehamia kando. Chini ya ukuta napo maji yanapoanguka patengenezwe sakafu ya mawe makubwa yaliyoshikwa kwa saruji, mengine yakiachwa yamesimama ili kuvunja nguvu ya maji. Bila sakafu hiyo, anguko la mita 2 litachimba mpaka lifike chini ya msingi.

Pengo la katikati la kupitishia mafuriko lipandishwe kwa awamu pale ambapo mto unabeba matope mengi: sentimita 30, ngoja lijae mchanga, kisha sentimita 30 nyingine. Ukuta ukipandishwa kimo chote kwa mkupuo katika mto wa namna hiyo, maji hutulia mno nyuma yake na matope hutua pamoja na mchanga. Pale ambapo mto ni wa mwinuko na mchanga wake ni mnene, kujenga kimo chote mara moja hufanya kazi vizuri, na huepusha tatizo la kukusanya watu na saruji tena kila mwaka. Ile ndoo ya lita 20 na kile chuma chenye meno ndivyo vinavyokuambia uko kwenye mto upi.

Matope hutoka mashambani, kwa hiyo nusu nyingine ya bwawa iko juu ya kilima. Matuta ya fanya juu, ambayo Machakos inajulikana kwayo, huchimbwa kufuata usawa wa kilima: mtaro wa sentimita 60 kwa 60, udongo ukitupwa upande wa juu, na juu ya tuta kupandwa majani ya kulisha mifugo ili mizizi ishike. Kikundi kinachochimba matuta kwanza hupata mchanga safi. Kinachojenga ukuta kwanza kikaahidi matuta baadaye kwa kawaida hakiyachimbi.

Kisima kichimbwe ukingoni, mkabala na sehemu yenye mchanga wa kina kirefu zaidi, mwishoni mwa kiangazi maji yakiwa chini kabisa. Kisima kilichochimbwa mwezi Mei hufurahisha mpaka Agosti. Kijengewe kwa pete za zege zenye matundu, kifunikwe, kiwekwe pampu ya mkono, na choo kisiwe karibu yake kwa mita 30. Bomba la kupita ndani ya ukuta hadi kwenye koki upande wa chini linapendeza kwa sababu halihitaji pampu, ila linapopita ukuta ndipo panapovuja, na koki iliyoachwa wazi usiku mmoja inamwaga maji ya juma zima. Kwa kijiji ambacho hakijawahi kusimamia mradi wa maji, pampu ni salama zaidi.

Adui mwingine huja kwa lori. Mchanga safi uliojaa nyuma ya ukuta ndio ule ule unaotakiwa na wajenzi wa Nairobi, na mchanga ukizolewa maji huenda nao. Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka 2015. Sheria hiyo husaidia pale kikundi kilipo tayari na karatasi zake, mipaka iliyopimwa, na namba ya simu ya afisa husika ukutani kwa mweka hazina.

Mvua ya kwanza ikishapita, watu wanne wautembelee ukuta na kukagua kingo zote mbili, sakafu ya chini, na umbichi wowote unaotokeza kwenye mawe. Panapotoka jasho jembamba patajiziba kwa tope laini msimu ule ule. Panapotoka maji yanayotiririka pachimbuliwe na kujengwa upya kiangazi kinachofuata. Fedha za hilo, mifuko kumi ya saruji na siku tatu za fundi, zikae kwenye akaunti kabla ya mvua. Kule Kitui mabwawa mengi yalijengwa kwa mfululizo kwenye mto mmoja, kwa kuwa maji yanayopenya kingo za ukuta wa juu hulisha ukuta wa chini. Anayetaka kufuata njia hiyo aanze kupima na chuma pale mchanga wa bwawa la kwanza unapokomea, hizo mita 300 au zaidi juu ya ukuta, na aendelee kupanda. Ukuta wa pili ukijengwa chini ya alama hiyo, nusu yake itazikwa na mchanga wa ukuta wa kwanza, na saruji yote hiyo haitaongeza hata mtungi mmoja.